Kununua helikopta ya rimoti ya kwanza ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Boksi limeandikwa "chaneli 3.5", na muuzaji anakuhakikishia kwamba hiyo ni zaidi ya chaneli 3. Ukifuatilia utakuta ile nusu ni swichi ya taa, au kitufe cha kuongeza kasi. Hewani haitafanya jambo hata moja ambalo ile ya chaneli 3 haiwezi. Mkanganyiko wa anayeanza huanzia hapo: namba nje ya boksi ni nyingi, picha ni ya helikopta ya jeshi, na ndani kuna kidude cha gramu 40 ambacho hakuna aliyekueleza kinavyofanya kazi.

Nikisema helikopta ndogo nina maana ya zile za umeme zenye urefu wa kiganja hadi futi moja hivi, uzito wa gramu 30 hadi 60. Kubwa zaidi ya hapo ni mchezo mwingine. Panga refu linalozunguka kwa kasi hukata ngozi, na kuanguka mara moja hugharimu pesa ya kweli. Kihelikopta cha gramu 40 kikigonga ukuta mara nyingi huanguka, unakiokota, kinaruka tena. Wepesi huo ndio unaomruhusu mtu ajifunze, kwa sababu kuanguka utaanguka.

Tuanze na chaneli tuzimalize. Chaneli ni idadi ya amri unazoweza kuitolea helikopta kwa wakati mmoja. Mbili: kupanda na kushuka, kisha kugeuza pua kushoto au kulia, na mbele inajiendea yenyewe kwa sababu pua imewekewa uzito. Tatu: unaongeza amri ya kwenda mbele na kurudi. Nne: unaongeza kwenda kando, yaani kusogea kulia au kushoto bila kugeuza pua, na hapo ndipo helikopta inaanza kuwa helikopta. Sita: unaongeza kubadili pembe ya mapanga, pamoja na swichi ya kuchagua namna ya kuruka. Halafu kuna mtego mmoja. Boksi likiandikwa "6", uliza ni sita ya nini. Nyingi za chaneli 4 zina jairo ya mihimili 6, ambayo ni vihisio sita ndani ya saketi: vitatu vinahisi kuzunguka, vitatu vinahisi mchapuko. Haihusiani kabisa na chaneli.

Chaneli zinakueleza unachoweza kuamuru. Hazikuelezi helikopta itafanya nini pale ambapo hujaamuru chochote, na kwa anayeanza hilo ndilo swali lenye uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya saa yake ya kwanza ataitumia akiwa amechelewa kuamuru.

Nani anaisawazisha

Pangaboi likizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Ni ile kanuni ya tatu ya Newton ya darasani. Ziko njia mbili zilizozoeleka za kuuzuia mwili usizunguke. Ya kwanza ni pangaboi dogo mkiani linalosukuma hewa kando. Igor Sikorsky aliirusha helikopta yake ya VS-300 nchini Marekani mwaka 1939, na umbo la pangaboi kuu moja na dogo la mkiani likawa ndilo tunalolichora hadi leo tukiambiwa tuchore helikopta. Ya pili ni kuweka mapangaboi mawili kwenye mhimili mmoja, moja juu ya jingine, yakizunguka pande zinazopingana. Kampuni ya Kamov ya Urusi imejijengea jina kwa helikopta kubwa za namna hiyo.

Kwenye vihelikopta vidogo, njia ya pili ndiyo rahisi kwa mtumiaji. Pangaboi la juu huwa na kijiti chenye uzito kwenye ncha zake, na kijiti hicho hukataa kuinama haraka, kwa hiyo helikopta ikiyumba hujirudisha yenyewe. Syma S107G, ambayo pamoja na nakala zake ndiyo inayojulikana kuliko zote, ni ya aina hii. Mkiani ina kipangaboi kidogo kinachotazama juu, na kazi yake ni kuinua au kushusha mkia ili helikopta iende mbele au irudi nyuma. Ukiachia amri zote isipokuwa ya kupanda, inaning'inia pale pale. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuirusha jioni ya kwanza.

Gharama ya utulivu huo ni kwamba haina nguvu ya kushindana na chochote. Inakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Upepo unaotikisa pazia unaipeleka unakotaka wenyewe, na kwa kuwa haina chaneli ya kwenda kando, huna amri ya kuirudisha. Ziko za mapangaboi mawili zenye chaneli 4, kama Blade mCX, na hizo ni shule nzuri zaidi, lakini upepo nazo zinauogopa vilevile.

Ya pangaboi moja ni habari nyingine. Hii ni sawa na kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika: haitulii kwa sababu imetulia, inatulia kwa sababu kuna masahihisho madogo yasiyokoma. Swali ni nani anayafanya. Kwenye WLtoys V911 ya zamani kulikuwa na kijiti cha uzito kilichowekwa kwa pembe ya mshazari dhidi ya mapanga, na kijiti hicho kilifanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye V911S iliyofuata kijiti kimeondolewa na jairo ya mihimili 6 imechukua nafasi yake: ukiachia vijiti vya rimoti, saketi inailaza helikopta sawa. Haiirudishi mahali ilipokuwa, inaisawazisha tu. Ikiwa ilishaanza kuteleza kuelekea kabati, itaendelea kuteleza ikiwa imenyooka vizuri.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwa macho. Kwenye hizi ndogo za chaneli 4, mapanga yana pembe moja isiyobadilika. Ukitaka kupanda, mota inazungusha haraka zaidi. Ukitaka kushuka, inapunguza. Kwa hiyo kati ya kidole chako na helikopta kuna kuchelewa kidogo, na anayeanza huongeza amri kabla ya ile ya kwanza kufika. Matokeo ni yale ya kugonga dari kisha sakafu. Za chaneli 6, kama XK K110, zinatumia sevo, yaani vimota vidogo vya kusogeza sehemu kwa kipimo, kubadili pembe ya mapanga huku mwendo wa mota ukibaki karibu uleule. Zinaitikia papo hapo, zinaweza kusukuma hewa juu badala ya chini, na ndiyo maana zinaruka kichwa chini miguu juu. Kitu kinachoweza kuruka kichwa chini kinaweza pia kujipigiza chini kwa nguvu zote za mota kwa kosa la kidole kimoja. K110 ina swichi ya kujisawazisha, na wapo wanaoshauri watu waanze nayo. Mimi sishauri, hasa kwa mtu ambaye spea yake itatoka nje ya nchi. Ukiipania sana, anzia kwenye simuleta za kompyuta kama RealFlight au HELI-X, ambako kuvunja ni bure.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwa mtoto, au kwa burudani ya sebuleni tu, chukua ya mapangaboi mawili na usitafute zaidi. Kwa mtu anayetaka kweli kujifunza kurusha, nunua ya pangaboi moja, chaneli 4, pembe isiyobadilika, yenye jairo inayojisawazisha. V911S na ndugu zake ziko kwenye kundi hilo. Utaangusha zaidi wiki ya kwanza, lakini utakachojifunza kitakufuata hata kwenye ya chaneli 6, wakati ile tulivu ya chaneli 3 inakufundisha kutazama tu.

Jua, hewa na upepo wa Nyanda za Juu

Kabla ya kulipa, tazama mbele ya rimoti. Ukiona kioo cheusi kidogo kama cha rimoti ya televisheni, hiyo inatumia miale ya infraredi. S107G ni ya namna hiyo. Ndani ya nyumba inafanya kazi vizuri ndani ya mita kadhaa, lakini jua lina infraredi nyingi mno, na helikopta ikitoka nje mchana haiisikii rimoti. Hata sebuleni, ikipita kwenye mwanga unaoingia dirishani inaweza kukatika ghafla. Zile zinazotumia redio ya 2.4 GHz hazina tatizo hilo, na watu kadhaa wanaweza kurusha pamoja bila kuingiliana. Za infraredi hutegemea swichi ya A na B, kwa hiyo ni wawili, pengine watatu, na basi. Kuna pia vile vinavyouzwa kama helikopta ya mkono, vyenye kihisio chini ya tumbo: unaweka kiganja, kinapanda. Kuviongoza huwezi. Mnunulie mtoto kama unataka acheke, lakini usivihesabu kwenye mada hii.

Sasa hewa, ambayo waandishi wa pwani hawaigusi kwa sababu kwao haina shida. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa imepita 1,500, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi. Hewa ya Mbeya siku ya joto la wastani ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Ya Kitulo, hata ukihesabu baridi yake, kwa zaidi ya asilimia 20. Panga linainua kwa kusukuma hewa, na hewa ikiwa nyepesi lazima lizunguke haraka zaidi ili kubeba uzito uleule. Kwa Mbeya nyongeza hiyo ni kama asilimia 9 ya mwendo, na mota inakula umeme zaidi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Je, itashindwa kupaa? Hapana, helikopta nzima yenye betri nzuri itapaa hadi Makete. Ila zile dakika 7 zilizoandikwa kwenye boksi zitapungua, na akiba ya nguvu uliyonayo pale unapotaka kupanda ghafla kukwepa ukuta itakuwa ndogo. Betri iliyochoka, ambayo Dar ingevumilika, hapa inaonekana mara moja: inainuka kidogo tu kisha inagoma. Mota nazo zinapata moto zaidi. Hizi ndogo nyingi zina mota za brashi, yaani zenye vijibrashi vya ndani vinavyosuguana na kulika, na ya mkiani ndiyo hufa kwanza; ukimaliza betri moja, ipe mota dakika kumi ipoe kabla ya kuweka nyingine. Ukilinganisha helikopta mbili, usitazame ukubwa wa betri peke yake. Betri kubwa ni uzito, na uzito ndio hasa usiouhitaji kwenye hewa yetu.

Hata hivyo adui mkubwa si wembamba wa hewa. Ni upepo, na msimu wake mnaujua. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kinakuja na upepo mkavu unaoanza kuamka kadiri jua linavyopanda na kuvuma mchana kutwa, na vumbi jekundu linaloingia kwenye gia na mota. Helikopta ya gramu 40 nje ya nyumba ni ya alfajiri hadi saa mbili hivi asubuhi, au jioni upepo ukishalala. Rushia juu ya ukoka, usirushie uwanja wa vumbi. Kuku wafungie, kivuli kinachopita juu wanakifahamu kuwa mwewe na watatawanyika hadi kwa jirani.

Lakini asubuhi hizo za kipupwe Njombe na Makete zina baridi ya umande kuganda, na betri za lithiamu haziipendi baridi. Kemia yake inapungua kasi, nguvu inashuka, na helikopta inaonekana mbovu wakati ni nzima. Zibebe mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kurusha. Tukuyu shida ni tofauti: upepo si mbaya, mvua ndiyo haikupi nafasi, na saketi hizi hazina kinga ya maji.

Yote haya yanarudi kwenye uchaguzi. Mwenye sebule ya hatua nne kwa nne, yenye makochi na kabati la vyombo, hana mahali pa kujifunzia ya pangaboi moja, hata awe na pesa. Atafute bwalo la shule jioni, ukumbi wa kanisa siku isiyo na ibada, au darasa lililosogezwa madawati, na aombe ruhusa kabla ya kununua. Akikosa, anunue ya mapangaboi mawili afurahi nayo. Uwanda wa wazi wa Uyole unavutia kwa macho, lakini kwa kidude hiki kuta nne na dari ni bora kuliko mandhari.

Na ukipata ukumbi, panda. Wengi huogopa na kubaki sentimita kumi kutoka sakafuni, wakidhani ndiyo usalama. Pale chini hewa inayosukumwa na pangaboi inagonga sakafu na kurudi, na helikopta inayumba ovyo. Ipeleke usawa wa kiuno, itatulia. Mkia uwe umekuelekea wewe muda wote wa mwanzo. Pua ikikugeukia, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo vidole vya kila mtu husaliti.

Siku hizi ziko za chaneli 4 zenye baromita ya kushikilia kimo, kama Eachine E129: ukiachia kijiti inabaki kwenye kimo kilekile. Usihofu kwamba mita 1,700 zitaichanganya, kwa sababu inapima mabadiliko ya shinikizo tangu iliporuka, haijali uko wapi. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu ndiyo unaweza kuishtua. Je, ni nzuri? Kwa anayetaka kufurahia mapema, nzuri sana. Kwa anayelenga ya chaneli 6 baadaye, inamnyima somo la kimo, ambalo ndilo gumu kuliko yote, na atalidaiwa.

Kuhusu sheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia ndege zisizo na rubani, na kibali cha droni kinaanzia kwao. Anayerusha ukumbini hagusi anga ya mtu. Ukitoka nje, kaa mbali na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli na karibu na kambi za jeshi usisogee. Nunua isiyo na kamera. Kamera kwenye kitu kidogo hivi ni picha mbaya, uzito wa bure, na maswali kutoka kwa majirani.

Betri, spea na mzigo wa basi

Betri ya helikopta hizi ni seli moja ya lithiamu polima, volti 3.7. Ikijaa inafika 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 inaharibika. Kwa hiyo helikopta ikianza kulegea, tua, usikamue. Ukiiweka bila kutumia kwa wiki kadhaa, iache karibu volti 3.8, isiwe tupu wala isijae. Iliyovimba usiitumie tena. Chaji ukiwa macho, juu ya kigae au sahani ya bati, usiwashe ukaenda kulala. Chaja zake ni za USB, na hilo ni jema kwetu: umeme ukikatika, pawabenki inatosha. Rimoti nyingi zinakula betri za kawaida za AA. Ile ya S107G inakula sita, na inaweza hata kuichaji helikopta, jambo linaloonekana zuri hadi ununue betri sita nyingine.

Usinunue yenye betri moja. Dakika 6 za kurusha na karibu saa nzima ya kuchaji haikufundishi kitu. Kichwa kinakuwa kimepoa kila unaporudi. Chagua helikopta ambayo betri inachomoka, kwa sababu nyingi za bei ya chini imefungiwa ndani, na tafuta kifurushi chenye betri tatu au zaidi tangu mwanzo. Kuna sababu ya kusisitiza "tangu mwanzo". Tangu Aprili 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limezuia betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zikiwa pamoja na kifaa chake masharti ni mepesi zaidi. Ndiyo maana muuzaji wa nje anakutumia helikopta kwa furaha, lakini ukirudi kuomba betri peke yake anakuwa mzito.

Pamoja na betri, agiza seti mbili za mapanga makuu, mhimili mkuu mmoja, mota ya mkia na gia kubwa. Hizo ndizo zinazovunjika. Ukikuta helikopta mbili zinazofanana na moja haina spea inayouzwa popote, hiyo ni ya kutupwa, hata ingekuwa nusu bei. Fundi simu hodari wa Mwanjelwa anaweza kukulehemia waya wa mota uliokatika, lakini panga lenye umbo sahihi hatalichonga.

Kwenye maelezo ya bidhaa utaona herufi. RTF maana yake kila kitu kimo, unachaji na kurusha. BNF haina rimoti, inamhusu mwenye rimoti inayopatana nayo, na ndiyo inayowadanganya wengi kwa bei yake. Angalia pia Mode 1 au Mode 2. Kwenye Mode 2 kijiti cha kushoto ndicho cha kupandisha na kushusha, na ndiyo inayotumika na wengi; ukianza na moja usihamie nyingine, vidole havitakusamehe.

Helikopta ikitoka Dar kwa basi, mwambie mtumaji aifunge kwenye boksi gumu lenye magazeti, siyo mfuko wa rambo chini ya magunia. Ikifika stendi, ifungue pale pale kabla hujasaini. Zungusha mapangaboi kwa kidole: lazima yazunguke bila kukwaruza. Tazama mhimili mkuu kwa usawa wa jicho uone kama umenyooka. Betri zisiwe zimevimba. Chomeka moja, washa rimoti, uone kama taa ya helikopta inaacha kumeta na kuwaka mfululizo, hapo zimeshikana. Usiirushe stendi.